Odero Amwonyesha Mkwewe Nairobi

Odero hakwenda Nairobi kutembea. Alikwenda kumwaga sakafu. Jambo hili lazima lisemwe mapema, kwa sababu mtu akisikia jinsi fundi huyu alivyouzunguka mji ule mwaka wa 1988, kutoka Soko la Mji mpaka stesheni ya reli, kutoka bustani ya Jeevanjee mpaka vichochoro vya Riruta, anaweza kudhani alikuwa mtalii mwenye kamera shingoni. La hasha. Alikuwa fundi wa sakafu za terazo kutoka Kisumu, mume wa Awuor, baba wa Akeyo na wadogo zake watatu, na alichokitafuta katika mizunguko yote hiyo, angalau mwanzoni, ni namna ya kuchelewa kurudi alikolala.

Tajiri wake wa Kisumu, Harjit Singh, alikuwa na kaka Nairobi aliyeitwa Inderjit. Huyo Inderjit alikuwa akijenga jengo la maduka nyuma ya Mtaa wa Biashara, na aliutaka ukumbi wa chini uwe na sakafu ya terazo kama ile aliyoiona dukani kwa nduguye. Basi Harjit akamwazima fundi wake, jinsi watu wanavyoazimana ngazi.

"Utakaa kwa nani huko?" Harjit alimuuliza.

Odero akajibu bila wasiwasi wowote kwamba shemeji yake Apondi, mdogo wake Awuor, alikuwa amepanga chumba Riruta, na kwamba chumba hicho kilikuwa na nafasi. Akafunga mwiko wake na pima-maji katika gunia, akaagana na mkewe, akapanda gari la moshi. Barua ya Apondi ya kueleza kwamba chumba hakikuwa tena na nafasi ilipishana naye njiani, pengine kule Nakuru.

Alipofika Riruta jioni na kubisha, Apondi alitoka nje haraka akaufunga mlango nyuma yake.

"Shemeji, usiingie," alinong'ona.

"Kuna nini? Kuna mgonjwa?"

"Mama yuko ndani."

Kwa asiye Mjaluo maneno hayo hayana uzito wowote. Mama yuko ndani, basi si uingie umwamkie? Lakini Odero alirudi nyuma hatua mbili na kuvua kofia. Mwanamume wa kwao hampi mkono mama mzaa mke wake. Haketi naye kula. Halali chini ya paa analolala yeye, hata mvua ya mawe inyeshe. Wakikutana njiani, mama hugeuza uso na kupisha, naye mwanamume hutazama nyasi kana kwamba ameangusha sindano. Si chuki hiyo. Ni heshima, tena heshima yenyewe ni nzito kiasi kwamba Odero, tangu amwoe Awuor, alikuwa hajawahi kumtazama mkwewe usoni akamaliza. Alimjua kwa kitambaa chake cha kichwa na kwa mgongo wake.

Mkwewe huyo, ambaye kijijini Seme aliitwa Nyar Alego kwa sababu alizaliwa Alego, alikuwa ameletwa Nairobi kwa ajili ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia lilikuwa na ukungu uliozidi kila mwezi, na sasa alichokiona ni mwanga na giza tu. Daktari wa macho wa hospitali ya misheni kule Kikuyu alikuwa amemwambia kwamba hilo la kulia bado linaweza kuokolewa, akampa siku ya kupasuliwa, Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Akiikosa siku hiyo, foleni ingemrudisha mpaka mwaka uliofuata, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba mwaka uliofuata huenda pasiwe na cha kuokoa.

"Nitatundika shuka katikati ya chumba," Apondi alisema. "Yeye upande wake, wewe upande wako."

"Apondi," Odero alimjibu, "shuka si ukuta."

Aliyemwokoa ni mwenye ploti, mzee Muchiri, aliyekuwa akikama ng'ombe wake hatua chache kutoka hapo na ambaye masikio yake hayakupitwa na jambo. Alikuwa na stoo ndogo kando ya zizi, ya kuwekea nyasi na madebe.

"Sasa wewe, sijaelewa," Muchiri alisema akimfungulia. "Hiyo nyumba iko na sufuria, iko na blanketi, iko na mtu wa kukupikia. Na wewe unataka kulala na ng'ombe yangu?"

"Mama ya bibi yangu iko ndani, mzee."

"Ndiyo naambiwa. Kwani anauma?"

Odero akacheka, lakini alilala na ng'ombe.

Shida kubwa haikuwa usiku. Ilikuwa jioni. Ploti ya Muchiri ilikuwa na milango sita iliyotazamana, veranda nyembamba, na kiwanja kisichotosha kugeuza mkokoteni. Kila jioni Nyar Alego alikalishwa kwenye kigoda verandani apate hewa. Odero angepita wapi? Kwa hiyo kazi ilipokwisha na wenzake kukimbilia mabasi, yeye alinawa mikono, akabadilisha shati, akaingia mjini kusubiri giza.

Kila mtu ana lake la kutazama katika mji mgeni. Mwingine hutazama magari, mwingine maghorofa, mwingine wasichana wa ofisini wakitoka kazini. Odero alitazama chini. Aliingia kila jengo ambalo mlango wake ulikuwa wazi, akakagua sakafu. Alikuta ya mbao iliyolia chini ya viatu katika duka kuukuu la vitabu, ya vigae vyeusi na vyeupe kwenye hoteli moja ambamo hakuthubutu kuuliza bei ya chai, ya mawe iliyolika katikati ya ngazi kwa miguu ya watu waliokufa zamani. Katika benki moja alikuta terazo ya kijani kibichi nzuri mno hata akachuchumaa na kuipitishia kiganja. Askari akamjia mbio.

"Wewe, umeangusha nini hapo?"

"Sijaangusha kitu. Naangalia sakafu."

"Hii ni benki, bwana. Kama huna pesa ya kuweka ama kutoa, toka."

Akatoka. Alikuwa mpweke, na tusimfichie. Mchana kazi ilimshughulisha, lakini jioni, watu wakimpita kila mmoja akijua anakokwenda, alimkumbuka Awuor hata akahisi njaa ambayo mandazi hayakuitibu. Alipita Mtaa wa Biashara akitazama vitambaa, akijisemea hiki kingempendeza. Aliketi Jeevanjee akisikiliza wahubiri wawili wakigombania watu wale wale. Mwezi huo mijakaranda ilikuwa imemwaga maua ya zambarau barabarani, na wafagiaji walikuwa wakiyalaani. Hakuwa na mtu wa kumwambia haya. Aliyabeba mpaka stoo ya Muchiri akalala nayo.

Halafu terazo ikamwagwa. Sasa, sakafu ya terazo haitaki haraka. Ukishachanganya simiti na kokoto za marumaru na kuzipiga zikalala sawa kati ya vipande vya shaba, unaifunika kwa magunia mabichi na kuiacha inywe maji mpaka ishike. Ukiisaga kabla ya wakati, kokoto zinang'oka na kazi yote imeharibika. Inderjit alimkuta Odero amesimama mlangoni akiyatazama magunia.

"Hii sasa nalala tu?"

"Inalala, tajiri. Asubuhi na jioni nainywesha maji."

"Basi wewe mwagia maji, halafu enda tembea. Hapana kaa hapa nakodolea simiti macho kama askari."

Ndivyo ilivyotokea kwamba siku moja Odero alirudi Riruta mapema, kabla ya giza, kwa sababu mvua ilimkuta Kawangware na hakuwa na pa kujificha. Alipoingia kiwanjani akamwona Nyar Alego verandani kwenye kigoda chake. Apondi hakuwepo, alikuwa bado kazini. Kufika stoo kulimlazimu apite mbele ya mama huyo. Odero akaruka akajibanza nyuma ya pipa la maji, mvua ikimchapa.

"Nani huyo nyuma ya pipa?" mkwewe aliuliza kwa Kijaluo.

Odero akazidi kujikunja kama mwizi.

"Ni Baba Akeyo. Viatu vyako vina simiti, vinakwaruza. Kila usiku nakusikia ukipita. Toka kwenye mvua."

"Mama, siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Wewe uko hapo."

Nyar Alego akafikiri kidogo. Alikuwa mwanamke wa kufikiri, hata watu wa Seme walimwogopa kwa hilo.

"Sikiliza," akasema. "Mwanamke anamkimbia mkwewe kwa sababu amemwona. Mimi sioni. Kwa hiyo sijakutana na mtu. Nasikia sauti tu, na sauti hata redio inayo. Kaa kule mwisho wa veranda, mimi niko huku, na hilo pipa likae katikati."

Odero alisimama kwenye mvua akiipima hoja hiyo kwa pima-maji yake ya moyoni. Aliona ina mteremko kidogo, lakini alikuwa amelowa chapachapa. Akaenda akaketi mwisho wa veranda, uso akauelekeza ukutani ili adabu isipotee yote.

"Haya," mkwewe akasema. "Kila jioni unakwenda mjini mpaka usiku. Apondi anasema labda unakunywa. Mimi nikamwambia mlevi hapigi hatua zilizo sawa namna ile. Unakwenda kutazama nini?"

"Sakafu, mama."

"Sakafu?"

"Sakafu za watu."

Nyar Alego akacheka. Odero hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Ilifanana na ya Awuor kiasi kwamba alishtuka, nusura ageuze kichwa. Akaanza kumweleza. Alimweleza ile ya benki, na askari, na vigae vya hoteli, na maua ya zambarau yanavyoteleza yakilowa. Mkwewe akauliza maswali. Hiyo ya kijani ilikuwa kijani ya nini, ya majani ya kunde au ya ndizi? Wahubiri wawili, nani alipata watu zaidi? Mvua ilipokatika walikuwa bado wanaongea, na Apondi aliporudi na kuwakuta, pipa katikati, alisimama langoni mdomo wazi.

Tangu siku hiyo Odero hakuuzunguka mji ili achelewe. Aliuzunguka ili apate cha kusema. Alikwenda Soko la Mji akahesabu aina za samaki, akaona haya kwa niaba ya Ziwa la kwao alipokuta ngege waliolala kwenye barafu wamekunja mikia. Alikwenda stesheni akatazama watu wanaoagana. Jumapili moja alitembea kwa miguu kutoka Riruta mpaka mtaa wa Mountain View, akapita kati ya nyumba zenye maua na mbwa wakali, akaona mwanamume wa Kihindi mwenye kilemba akimfundisha bintiye kuendesha gari, gari likirukaruka kama panzi na baba akishikilia kilemba. Yote hayo aliyapeleka verandani.

Na mkwewe hakupokea bure. Alimlipa kwa habari za Awuor. Odero alidhani anamjua mke wake. Kumbe Awuor, akiwa msichana mdogo, aliiba baiskeli ya katekista akajifundisha kuiendesha mteremkoni, akaenda nayo moja kwa moja hadi ndani ya bwawa la kunyweshea ng'ombe.

"Mimi aliniambia hajui baiskeli!" Odero alisema.

"Hajui. Ndiyo maana aliingia bwawani."

Alisikia jinsi Awuor alivyokataa kula baba yake alipomchinja kondoo ambaye yeye mtoto alikuwa amempa jina. Alisikia kwamba usiku wa kuamkia siku ambayo yeye, Odero, alikwenda kwao mara ya kwanza na wajumbe wake, Awuor hakulala, alikuwa akiupiga pasi mkeka. "Mkeka!" mkwewe alisema. "Nikamwambia, mtoto, mkeka haupigwi pasi." Odero alicheka mpaka Muchiri akachungulia kutoka zizini. Awuor alikuwa mbali, lakini kwa muda ule pale verandani alikuwa karibu kuliko alivyowahi kuwa.

Alhamisi ikafika, na Apondi akaamka na homa. Haikuwa homa ya kusingizia. Alijaribu kusimama, akarudi kitandani meno yakimgongana. Muchiri alikuwa ameshaondoka na maziwa yake. Mkewe Muchiri, Mama Waceke, alikuwa mwema, lakini hakujua neno la Kijaluo, na Nyar Alego hakujua neno la Kiswahili. Wangefika hospitali wakatazamana, tena mmoja haoni.

Odero alisimama nje ya mlango. Ndani alisikia mama na binti wakibishana kwa sauti ya chini. Kisha sauti ya mkwewe:

"Baba Akeyo. Sakafu yako imelala?"

"Imelala, mama. Jana niliiloweka vya kutosha, haihitaji mtu mpaka jioni."

"Basi twende."

Mama Waceke akawapa mwavuli mweusi wa mumewe. Nyar Alego akashika mpini, Odero akashika ncha, nao wakatoka langoni hivyo, mwavuli kati yao. Kule mbele Odero alitangaza njia kama kondakta. Hapa pana shimo. Hapa inua mguu. Hapa ni matope, kaa kulia. Watu wa Riruta waligeuka kutazama, na wengine hawakujizuia kucheka. Odero aliona haya mpaka masikioni, lakini hakuiachia ncha. Katika basi alimkalisha mbele karibu na dereva, kisha yeye akaenda kusimama nyuma kabisa.

Uthiru basi liliwashusha upande usio wao, ikawabidi kuivuka barabara kubwa ya Waiyaki. Malori ya Uganda yalikuwa yakishuka moja baada ya jingine. Odero alingoja mwanya, akasema, "Sasa, mama, haraka," wakaingia barabarani. Walikuwa katikati lori moja lilipopiga honi. Nyar Alego alishtuka, akauachia mpini, akasimama wima mikono hewani kama mtu aliye juu ya mtumbwi unaoyumba.

Odero alirudi. Hakufikiri, au tuseme alifikiri upesi kuliko alivyowahi kufikiri maishani. Mkono wake ulinyooka kuelekea mkono wa mama huyo, ukakwepa, ukadaka pembe ya leso aliyojifunga mabegani, akaivuta kwa nguvu zote. Wote wawili wakafika ng'ambo wakipepesuka. Lori likapita na upepo wake, mwavuli wa Muchiri ukibaki barabarani umevunjika mbavu.

Walisimama wakihema. Nyar Alego akairekebisha leso yake, akaipapasa pembe ile.

"Hiyo ilikuwa leso," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni leso."

"Basi tuendelee."

Odero akauokota ule mwavuli uliovunjika, akamrudishia mpini.

Hospitalini muuguzi, dada mmoja mwenye sauti ya kuamrisha aliyeitwa Wangeci, aliwatazama wakiingia na gofu lile la mwavuli kati yao, asiyaamini macho yake.

"Bwana, si ushike mama yako mkono! Unamvuta na mwavuli kama mbuzi anaenda soko!"

"Si mama yangu, sista. Ni mama ya bibi yangu."

"Sasa hiyo ndiyo mbaya zaidi!"

Akaeleza. Wangeci akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akamshika Nyar Alego mkono yeye mwenyewe. Lakini penye mlango wa chumba cha kupasulia mama alisimama, akakataa kuinua mguu. Kwa mara ya kwanza Odero alimwona anaogopa.

"Baba Akeyo," aliita. "Humo ndani kuna sakafu gani?"

Odero alichungulia kupita bega la muuguzi.

"Ni ya simiti nyekundu, mama. Imepigwa nta, inang'aa. Fundi wake alijua kazi, haina ufa hata mmoja. Haitelezi. Kutoka hapo mpaka kitandani ni sawa tupu, hakuna ngazi, hakuna kizingiti."

"Hakuna ufa?"

"Hata mmoja."

Akainua mguu akaingia.

Odero alingoja kwenye benchi. Aliomba Mungu kwa namna ambayo hakuwa ameomba tangu Akeyo alipougua surua. Alipoambiwa kwamba mambo yamekwenda vizuri, alishukuru, akamshukuru Wangeci mara nyingi hata akamchosha, akarudi mjini kuinywesha sakafu yake.

Bandeji ilikaa siku kadhaa. Kila jioni Odero alikwenda Kikuyu, akaketi kwenye kiti kando ya dirisha, mgongo kwa kitanda, akatoa habari za mjini na kupokea za Awuor. Jioni ya mwisho, siku ambayo Wangeci alisema kesho tunafungua, wote wawili walikuwa na maneno machache. Walijua. Jicho likifunguka, hoja ile ya sauti na redio inakwisha. Mkwewe atakuwa amemwona, na akimwona atageuza uso, kama inavyopasa, mpaka mmoja wao aingie kaburini. Odero aliiombea bandeji hiyo itoke na jicho lione. Aliomba kwa moyo wote. Halafu akajikuta anatamani ikae siku moja tu zaidi, akajiona mwovu, akaaga mapema.

Asubuhi yake Apondi, ambaye homa ilikuwa imemwacha, ndiye aliyesimama kando ya kitanda. Odero alibaki kwenye ujia, nyuma ya mlango. Alisikia mkasi. Kisha akamsikia mkwewe akisema, polepole, kwamba ukuta ni wa rangi ya maziwa, na kwamba Apondi amekonda, na kwamba muuguzi huyu ni mdogo hivi, naye mama kwa sauti ile kubwa alidhani ni mtu mnene. Wangeci akaja mlangoni, meno yote nje.

"Kuja basi! Kuja akuone!"

Odero akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Akachukua kofia yake akaenda kungoja nje, chini ya ukuta wa lango.

Siku ya kumsafirisha Nyar Alego kwenda Kisumu waliteremka kwenye basi katikati ya mji, mapema mchana, kwa sababu mama alisema hataki kufika stesheni kwa haraka. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali. Alitembea mbele na Apondi, wameshikana mikono. Odero aliwafuata kwa nyuma, umbali wa heshima, kapu la mkwewe begani. Alikuwa akibaki Nairobi. Sakafu ilikuwa tayari kusagwa, na kazi yenyewe ilikuwa bado ndefu. Tangu kufunguliwa kwa jicho hawakuwa wamesemezana hata neno moja. Ilikuwa sawa. Ilikuwa ndivyo. Odero alijiambia hivyo tangu Riruta mpaka mjini, na hakupata nafuu yoyote.

Walipofika Barabara ya Moi, Nyar Alego alianza kusema kwa sauti kubwa.

"Apondi! Tazama, mtu amevaa kofia tatu, moja juu ya nyingine, na bado anauza nyingine!"

"Namwona, mama."

"Apondi! Yule anayepaka viatu rangi amepitiliza mpaka soksi, na mwenye viatu anasoma gazeti tu!"

"Ndiyo, mama."

"Na haya maua ya zambarau yamebaki machache, yamekauka, hayatelezi tena! Na sakafu ya duka hili ni ya vigae vyekundu, kimoja kimevunjika karibu na mlango!"

"Mama," Apondi alisema, akitazama huku na huku kwa aibu, "mbona unapiga kelele? Si niko hapa kando yako? Na mji huu mimi nakaa ndani yake, naujua."

Nyar Alego alirekebisha miwani yake, asigeuke. Hatua kadhaa nyuma yake, Odero alikuwa amesimama katikati ya watu na kapu begani, wapita njia wakimsukuma kulia na kushoto. Mkwewe akavuta pumzi, akapaza sauti zaidi.

"Apondi! Nikifika nyumbani nitamwambia Awuor mume wake amekonda kwa chakula cha hoteli! Tena ameanza kuota mvi, hapa, juu ya sikio la kushoto!"

Kisha akaendelea na safari yake kuelekea stesheni, shingo wima, bila kutazama nyuma. Odero akapeleka mkono juu ya sikio la kushoto, akapapasa. Yeye mwenyewe hakuwa na habari.